Koti la Studio

Mlima wetu una kiraka.
Aliuchora Maganga wa Tabora, masika moja
Kibo ilipofunikwa wiki tatu mfululizo
naye hakuwa amewahi kuiona.
Baba akampa chupa tupu ya bia:
"Chora kama hapo kwenye kibandiko."
Ndiyo maana theluji yetu ina umanjano kidogo,
na Mawenzi hayumo.
Kibandiko kiliishia hapo.

Nje, hatua ishirini kutoka mlangoni,
mlima wenyewe ulisimama bure.
Bado watu walilipa kusimama mbele ya huu.
"Usicheke," baba aliniambia, akipakia filamu gizani kwa vidole tu.
"Ule huondoka saa nne asubuhi. Huu unakaa."

Alikuja Mghenyi, mkata miwa wa TPC,
masizi ya shamba lililochomwa yangali kwenye kucha.
Akaazima koti la studio, lile moja, la kijivu,
mtumba wa Kiboriloni, kifungo cha pili kigeni.
"Mikono isionekane," alisema.
"Mama kule Singida nimemwambia niko ofisini."

Alikuja Lemayani, mlinzi wa duka la mabati,
akavaa koti juu ya rubega, rungu kwapani.
Mlima hakuutaka. Akachagua pazia lenye ndege ya abiria.
"Milima na ng'ombe ninavyo kwetu," alisema.
"Ndege ndiyo sina."

Bwana Harji wa vitambaa alikuja kila Diwali
na viti vyake mwenyewe vikiwa juu ya mkokoteni.
Mwaka wa kwanza viti saba.
Mwaka wa mwisho kimoja,
na koti letu begani, maana siku hiyo kulikuwa na baridi.

Halafu Bibi Ndeanansia, kutoka juu, Kibosho,
jani la sale mkononi, kaka yake pembeni.
Tangu kihamba kigawanywe hawakuwa wamesemeshana.
Baba akawaambia, "Sogeeni, bega liguse bega,
lenzi hii ni nyembamba, haiwezi kuwabeba mkiwa mbalimbali."
Uongo. Lenzi ilikuwa inatosha harusi nzima.
Katika picha ile kila kitu kimetulia,
hata koti la kaka, hata nzi ukutani,
ila jani. Jani limetoka na ukungu.

Sasa baba hayupo. Mimi napiga pasipoti,
mandhari meupe, masikio yaonekane, usitabasamu.
Mwezi uliopita wakaja vijana wawili wa kalenda
wenye viatu visivyo na vumbi la Moshi.
"Tunataka nchi," walisema, "kurasa kumi na mbili.
Twiga. Machweo. Mlima bila nyaya za umeme.
Mmasai, lakini avue saa."

Usiku nilishusha kopo la maziwa ya unga
nikanyoosha negativu mbele ya balbu, moja moja.
Humo nywele za kila mtu ni mvi,
meno ni makaa,
na theluji ya Maganga imeungua kama kahawa iliyosahauliwa jikoni.
Nilitafuta nchi.
Nikaanza kuona koti.
Koti kwa mwalimu wa Kipare aliyelibana kwapani lisimpwaye,
koti lililommeza mtoto wa kipaimara,
koti kwa mpagazi aliyeteremka juzi, midomo imepasuka,
koti kwa mwanamke wa Kiiraqw aliyelivaa mgongo mbele
akampakata mwanawe ndani yake.
Kifungo cha pili, kila mahali, kigeni.

Nikachagua kumi na wawili. Nikatuma.

Wamejibu kwa ujumbe mfupi:
*Picha kali, dada. Lakini mlima uko wapi?*

Nimewaandikia: tazameni Desemba,
nyuma ya bega la Mghenyi,
upande wa kiraka.

Koti bado liko msumarini.
Jana mteja wa pasipoti aliuliza kama ni la kuuza.
Nikamwambia ajaribu kwanza,
asimame pale,
asogee kidogo.